Mlango wa Maganga

Meza anayopakulia Mama Chausiku, nyuma ya stesheni ya Kilosa, kwa kweli ni mlango. Umelazwa juu ya magogo, umelainika kwa mafuta na viwiko vya watu, na ubavuni bado kuna vipande vya mpira wa tairi vilivyopigiliwa misumari kuwa bawaba. Wateja wengi hawajui. Wanaegemea, wanamega ugali, wanamwaga mchuzi, wanakwenda zao na treni. Mimi nilijua, kwa sababu misumari iliyopinda pale niliipinda mimi. Mwaka jana, masika yakiwa yanaisha, nilishuka Kilosa bila sababu ya maana, kama ninavyoshuka mahali pengi, nikazunguka nyuma ya stesheni kuona kama kibanda bado kipo. Kilikuwepo, na mwenyewe alikuwepo, nywele zimekuwa nyeupe lakini mwiko ameushika vilevile, kama mtu aliyeshika fimbo ya kufukuzia mbuzi.

"Shikamoo, Mama Chausiku."

"Marahaba." Akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani. "Umenenepa."

"Sijanenepa, Mama."

"Basi umezeeka. Kaa ule."

Nilikaa. Alinipa ugali na mlenda na samaki mdogo wa kukaanga, chakula kilekile cha zamani, na akaendelea kuwahudumia watu kama vile nilitoka pale jana. Kutoka nilipokaa niliona kibaraza cha stesheni. Watu walikuwa wamelala kule, wengine wameketi juu ya magunia yao: familia zilizohamishwa na mafuriko ya Mkondoa, vijana waliokosa kazi, bibi mmoja aliyejifunika kanga usoni. Kijana aliyevaa shati safi alipita kati yao akiinama na kuuliza kitu kimoja kwa kila mtu. "Wa halmashauri huyo," alisema Mama Chausiku. "Wameanza tena. Anawauliza kwao wapi." Halafu, akiwa amenipa mgongo, anapuliza kuni, akasema, "Yule Maganga wako alifia Kidete. Uliambiwa?"

"Nani wa kuniambia?"

"Ndiyo. Angekuandikia nani, na kila mwaka uko mji mwingine."

Sikumaliza ule ugali. Niliweka kiganja juu ya mbao, mahali palipokuwa na komeo zamani, na mwaka ule wote ukanirudia.

Habari za nyumbani kwetu nitaziacha, hazina kazi hapa, isipokuwa moja tu itakayohitajika mbele: baba yangu alikuwa Mhehe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Azimio lilikuwa bado jipya, redio zilikuwa zinaliimba kila saa, na sisi tuliotoka shule tulijiona tumezaliwa kwa ajili ya nchi ile. Nilikuja Kilosa kutafuta kazi ya reli. Kazi haikupatikana haraka, na chumba cha kupanga sikukiweza, kwa hiyo nililala ghalani. Lilikuwa ghala la zamani la katani, karibu na reli, bati zake zimetoboka, na vumbi jeupe la katani lilikuwa bado limeganda juu ya boriti. Upepo ukipiga lilishuka kama unga, na watu wote tukakohoa pamoja. Kila mtu alikuwa na mahali pake pamepakana na gunia la mwenzake, na mtu akisogeza gunia lake kidogo upande wa pili, ugomvi wake ulidumu mpaka jua kuzama. Nilidhani nitalala pale wiki moja. Nilijiita mpangaji, kwa mzaha, na wazee walicheka kwa sababu wao walikuwa wamepanga pale kwa muda mrefu.

Hao wazee walikuwa manamba. Miaka ya Waingereza waliletwa na mawakala wa mashamba kutoka kusini na magharibi, wakapewa namba za kazi, na jina hilo likawaganda. Walikata mkonge njia ya Kimamba mpaka mikono ikawa kama magome. Kisha bei ya katani ikaanguka, shamba walilokuwapo likafungwa, na mwenye shamba akaezua mabati ya nyumba zao akayauza kabla hajaondoka. Wakabaki na kuta. Mvua za mwaka uliofuata zikachukua kuta. Uhuru uliwakuta wamezeeka, na Ujamaa uliwakuta ghalani.

Chakula chetu kilikuwa kwa Mama Chausiku, ambaye wakati huo alikuwa mwanamke kijana mwenye ulimi mkali. Asubuhi alitupa uji, na wazee walimkatia kuni na kumchotea maji. Pale ndipo nilipomjua Mzee Haule, Mngoni aliyekuwa anakohoa kuliko wote. Wangoni na Wahehe ni watani; babu zetu walipigana vita vibaya, na wajukuu wakaachiwa matusi badala ya mikuki. Haule aliponiuliza kabila langu nikamjibu, uso wake uling'aa kana kwamba amepata barua kutoka kwao.

"Mhehe! Na uji unaunywa? Nilidhani nyinyi asubuhi mnaanza na supu ya mbwa."

"Ningekuwa na mbwa, Mngoni, ningemfunga usimwibe."

"Msikieni huyu! Babu yangu alimfukuza babu yake mpaka akapanda mti."

"Alipanda amtazame vizuri babu yako anavyokimbia."

Hivyo kila asubuhi. Mtu asiyejua angedhani tutapigana. Lakini mtani ni kama ndugu kwa mlango wa nyuma: atakutukana, atakunyang'anya kofia, na ukifa yeye ndiye atakayechimba kaburi lako, aingie ndani yake, akutukane mara ya mwisho, akatae kutoka mpaka ndugu zako wamjibu na wamlipe chochote. Bila hivyo watu husema maiti hajaagwa. Kando yetu alikaa Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mkimya, aliyekunywa uji wake polepole na kutabasamu ndani ya bakuli. Nikimwita aamue nani ameshinda, alisema, "Msinitie katika ugomvi wenu." Lakini hakukosa hata asubuhi moja, na sikuwahi kumwona akihamia kwenye kundi jingine hata palipokuwa na Wanyamwezi wenzake.

Halmashauri ilikuja Jumapili moja baada ya ibada, yaani alikuja Diwani Yeremia. Alikuwa Mkaguru wa milimani, Mwanglikana, mtu wa umri wa kati aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakatika. Wengi wa aina yake wangesimama mlangoni na kuziba pua. Yeye aliingia, akasalimia wazee kwa shikamoo mmoja mmoja, akakaa juu ya gunia la Haule. Alisema halmashauri imeona aibu. Nchi imepata uhuru, na wazee waliokamua jasho lao hapa wanalala na panya. Lazima kila mtu alale ndani ya nyumba kabla ya mvua. Aliongea vizuri, na naamini mpaka leo kwamba aliamini kila neno. Kisha akamuuliza kila mtu, "Mzee wangu, kwenu wapi?" Lilionekana swali la kupigia soga. Haule akasema Songea, lakini ndugu zake wote walikwisha kufa na hana wa kumpokea. Wengine wakasema hivi na vile. Alipofika kwa Maganga, Maganga akajibu upesi, bila kuinua macho, "Tabora," kama alivyokuwa akijibu kwenye lango la kila shamba tangu ujana wake.

Baadaye tulipata uamuzi. Mwenye kwao atarudishwa kwao kwa nauli ya halmashauri. Asiye na kwao atapewa nyumba katika kijiji kipya karibu na Mikumi, na shamba la kulima pamoja na wenzake. Nauli zilisubiri kibali kutoka Morogoro, na kibali kilichelewa. Kwa hiyo watu wote wenye nguvu, wa nyumba na wa nauli, walipelekwa kujenga. Mimi nilichukuliwa pia, kwa posho ya chakula, kwa sababu nilijua kupima pembe kwa kamba. Wazee walizungumza ghalani siku hiyo kwa sauti za chini. "Nani aliyetunga hili la kwao?" aliuliza mmoja. "Mtu ambaye hajawahi kutoka kwao," alijibu Haule, na kila mtu akacheka isipokuwa Maganga.

Lori lilitupeleka Mikumi kwa barabara ya vumbi jekundu. Mahali penyewe palikuwa pazuri kwa macho: tambarare ya nyasi, milima ya Vidunda imesimama upande wa kusini na ukungu wake, na kinyesi cha tembo njiani, kikubwa kama mitungi. Tulilala chini ya turubai, tukala unga wa njano na maharage yenye fukusi. Tulikata miti, tukafunga fito, tukakanyaga udongo kwa miguu. Nyumba zilipangwa kwa mistari, zote zimeelekea upande mmoja, mlango wa huyu unatazama mgongo wa yule. Maganga alijenga ya mwisho katika mstari, karibu na njia. Hakuna aliyempangia. Alianza tu kuichimbia miti, na kila mtu akaiita nyumba ya Maganga. Alipofika kwenye mlango akauacha upande mwingine, uelekee njiani.

Msimamizi akapiga kelele. "Mzee, unaharibu mstari!"

"Nimelala kwenye mstari maisha yangu yote, bwana mkubwa," alisema Maganga. "Kambini ulikuwa mstari, ghalani mstari. Mlango huu uangalie njia."

Diwani Yeremia, aliyekuwa amekuja na unga, akasema mwacheni.

Nilimsaidia kutengeneza mlango. Mbao zilikuwa za makasha yaliyotupwa na watu wa ujenzi wa barabara. Bawaba tulikata kwenye tairi. Alizipiga randa mbao zile kwa kipande cha chupa, siku baada ya siku, wakati wenzake wamepumzika. Mimi nilipinda misumari, akanicheka. Nilimuuliza atafunga mlango wa nini na hana kitu ndani. Alikuwa amepiga magoti, anachonga komeo.

"Wewe umewahi kulala ndani ya mlango unaoufunga mwenyewe?"

Nilifikiri bweni la shule, nikafikiri ghala. "Sijawahi."

"Mimi vilevile. Kambini nyapara alikuwa anaingia tu, anakuvuta mguu. Nataka nifunge. Halafu mtu abishe hodi, nimwambie subiri." Akaujaribu: akaingia, akafunga, nikasikia komeo likiteleza mahali pake. Nikabisha. "Subiri!" alisema kutoka ndani, na nilimsikia akicheka peke yake, kicheko kidogo. Alinisubirisha kweli. Tangu siku hiyo tulijua sote kwamba anaomba kimoyomoyo Morogoro wamsahau, na kwamba kibali kikija na jina la Tabora nyumba ile itakwenda kwa mtu mwingine.

Haule hakuyaona masika. Alikufa asubuhi moja, chini ya turubai, uji wake umepoa kando. Diwani Yeremia alifika na lori akakuta tunamfunga sanda. Alitaka azikwe mapema kwa sababu jua lilikuwa kali, na akaomba mtu mmoja aseme sala. Nikamwambia, "Mzee, samahani, mimi ni mtani wake." Akaelewa mara moja, milimani kwao wanayo hayo. Nilichimba na wengine, na kaburi lilipokwisha nilibaki ndani. Nilikuwa sijawahi kuifanya kazi hiyo, nilikuwa nimewaona wakubwa tu wakiifanya. Nilijilaza chali kwenye udongo ule baridi, mikono kifuani.

"Mngoni!" nikapaza sauti. "Umetoka Songea yote ile kuja kufa huku, na nyumba hujaiezeka? Mvivu wee! Babu zako waliwakimbia babu zangu, na wewe sasa umemkimbia nani? Unakimbia kulima! Sitoki humu. Shimo hili nimelipenda, nalala mimi. Nani mwenye maiti huyu? Nani atanilipa nitoke?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwa sababu hapo ndipo ndugu hujibu, na ndugu hakuwepo. Niliangalia juu nikaona mbingu na vichwa vyao kuzunguka kaburi. Nilianza kuogopa. Sikujua mtani hutoka vipi asipojibiwa. Nikarudia, sauti imenipungua, "Nani mwenye maiti huyu?"

"Toka humo, mla mbwa!"

Alikuwa Maganga. Alikuwa amesogea mpaka ukingoni, na udongo ulikuwa unamomonyoka chini ya miguu yake ukinidondokea kifuani. "Toka, Mhehe wee! Shimo si lako. Mwache ndugu yangu alale. Babu zako walipanda miti, na wewe utapanda! Toka!" Akaongeza maneno kwa Kingoni, mengi, ya haraka, kama maji yaliyopasua kizuizi. Akavua kofia yake akanitupia. "Ujira wako huo. Sasa toka."

Nilitoka na kofia mkononi. Hakuna aliyecheka. Tulimzika Haule vizuri, na Diwani akasali, lakini nilimwona akimtazama Maganga wakati wa sala, macho wazi.

Alasiri mvua ya kwanza ilinyesha. Diwani alikwenda kwenye ile nyumba ya mwisho, akabisha hodi, na Maganga hakumsubirisha. Tulikaa watatu ndani, kwenye sakafu mbichi. Chumba kilinuka udongo na nyasi mpya. Diwani alisema taratibu, "Mzee wangu, Mnyamwezi anamlilia Mngoni kwa Kingoni?"

Maganga alisema jina alilopewa nyumbani ni Alfonsi. Alitoka Songea na mdogo wake, Gervasi. Mama yao alimkataza asimchukue mtoto yule, na yeye akamchukua, kwa sababu Gervasi alilia kumfuata. Mwaka wa kwanza Gervasi akafa kwa homa katika kambi ya Wangoni, karibu na korona, ule mtambo wa kukamua katani, kelele zake hazikunyamaza hata siku ya maziko. Alimzika mwenyewe. Hakupeleka habari. Akahamia shamba jingine, ambako nyapara alikuwa Mnyamwezi na alitaka watu wa kwao tu, akasema anatoka Tabora. "Nikawa Maganga," alisema. "Maganga hakuwa na mdogo wake."

Mvua ilipiga nyasi za paa. Halikuvuja popote. Nakumbuka niliangalia juu kwa fahari, na nikaona aibu kwa kuangalia.

"Mama yako yu hai?" aliuliza Diwani.

"Sijui. Hilo ndilo baya. Sijui."

"Basi unako kwenu."

"Mzee, hapa ndipo kwangu. Nimejenga."

"Najua umejenga." Diwani alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Nisikilize. Ningeweza kusimama mbele ya madiwani wenzangu nikasema huyu hana kwao, na nyumba ingekuwa yako. Nilikuwa nafikiri kufanya hivyo, kusema kweli, tangu ulipogeuza mlango. Lakini leo watu wote kaburini wamesikia. Na mimi nimesikia. Siwezi kusema mtu ambaye huenda mama yake anamngoja hana kwao. Mungu atanisikia. Nenda Songea, mzee wangu. Tutakupa nauli ya lori. Nenda ukamwambie."

Nilimbishia. Nilisema nyumba ni tupu, mtu yupo, kuna ugumu gani? Nilisema kwa Kiswahili cha darasani, maneno ya usawa na ya haki, na Diwani aliyapokea kwa upole. Maganga alikuwa anasugua ukuta kwa kiganja, mahali palipokuwa laini tayari.

"Nipelekeni Tabora," alisema.

"Tabora si kwenu! Umesema mwenyewe sasa hivi."

"Tabora hakuna atakayeniuliza Gervasi yuko wapi."

Kibali kilikuja wiki ile ile, na kilikuwa kimeandikwa Tabora, na hakuna aliyekigeuza. Asubuhi ya kuondoka Maganga aliung'oa mlango. Msimamizi alipiga kelele tena, akaambiwa, "Nyumba ni ya halmashauri. Mlango ni wangu." Tuliupandisha kwenye lori, na Kilosa tukaushusha tukaubeba mpaka jukwaani, yeye mbele, mimi nyuma. Abiria walifurahi. "Babu, unahama na ukuta pia?" "Dirisha umelisahau!" Mkaguzi wa treni alikuja, akaupima kwa macho, akasema haiwezekani, hii ni treni ya watu. Maganga hakubishana. Alisimama ameushika kwa kingo zake, kama mtu aliyesimama mlangoni kwake, mpaka filimbi ilipolia. Mama Chausiku akaja na mikono yenye unga, akaushika upande wa pili.

"Niachie. Nitakutunzia."

"Usiuchanje kuni."

"Sitauchanja."

"Nitakuja kuuchukua."

"Njoo. Utaukuta."

Akapanda. Nilimpa kofia yake kupitia dirishani. Akaikataa. "Huo ni ujira," alisema. "Mtani harudishi." Treni ikaondoka kuelekea Kidete na Dodoma na huko mbali. Alikuwa amekaa wima, hakugeuka.

Nami sikukaa. Niliondoka Mikumi kabla mahindi hayajakomaa, nikaenda Iringa, kisha Mbeya, kisha mahali pengi mno, nikilala katika vyumba vya watu. Baadaye nilisikia ya kijiji. Masika yalikuwa mabaya, tembo walishuka kwenye mahindi na kuangusha nyumba kadhaa kwa mabega tu, na wazee wengi wakarudi mmoja mmoja kwenye stesheni. Wachache walivumilia, na wajukuu zao wako huko mpaka leo. Katika nyumba ya mwisho aliwekwa mtu mwingine, akatundika jamvi mlangoni. Nimeifikiria sana halmashauri ile, katika vyumba hivyo vyote. Nimezoea kusikia watu wakisema serikali za mitaa hazijali, na siwezi kusema hivyo kuhusu Yeremia. Alijali. Alitafuta miti na unga na lori. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba alidhani mtu anayelala chini amepotea njia ya nyumbani, na kwamba kazi ya halmashauri ni kumwonyesha njia. Hakuweza kumfikiria mtu ambaye njia anaijua vizuri, ndiyo maana haifuati. Angemuuliza Maganga kitu kingine siku ile ghalani, angemuuliza tu anataka kulala wapi, angepata jibu la kweli. Lakini hakuna aliyemuuliza hivyo, hata mimi niliyelala gunia la tatu kutoka kwake.

Habari za kifo cha Maganga Mama Chausiku alizipata kwa mwanamke aliyekuwa akileta nyanya kutoka Kidete. Akanielekeza kwa mzee mmoja huko, Stefano, aliyekuwa kibarua wa njia ya reli wakati huo. Nilikwenda siku iliyofuata. Stefano alikuwa shambani, karibu na mto. Tuliposalimiana nikamweleza ninamtafuta nani, akaegemea jembe.

"Yule mzee wa reli. Alikuja kwa miguu, akitokea huko juu, anafuata reli. Alikuwa amevimba miguu. Tulimweka kibandani kwetu. Tukamuuliza, baba, kwenu wapi, tukupelekee habari? Akasema Mikumi. Akasema, nina nyumba Mikumi, haina mlango, mlango uko Kilosa, naufuata. Sisi tukadhani ni homa."

"Haikuwa homa."

"Sasa tungejuaje? Akafa. Tukamuuliza kabila lake kabla, akanyamaza. Ndiyo ikawa shida. Hatukujua tumwite nani wa utani. Tulimzika kimya tu, kama mbwa, Mungu anisamehe. Mke wangu mpaka leo hapendi kupita pale."

Alinipeleka. Mto ulikuwa umekula ukingo, na kaburi lilibaki kilima kidogo cha udongo na magugu, hatua chache kutoka kwenye poromoko. Masika mengine mawili, matatu, nalo litakwenda. Maji yalikuwa ya rangi ya uji wa mtama. Nilivua viatu, sijui kwa nini. Nilikuwa na aibu mbele ya Stefano, mtu mzima na mvi zangu, lakini nilijua kwamba nikiondoka bila kusema sitapata usingizi katika chumba chochote tena.

"Wewe Mngoni!" nikasema, na sauti yangu ilinishtua. "Alfonsi! Umelala huku umejificha, unadhani sitakuona? Mwongo wee, Mnyamwezi wa uongo! Umetembea nchi nzima kuufuata ubao! Babu zako walikimbia, na wewe umekimbia kuliko wote, na umefika wapi? Umefika mtoni, na hata kuogelea hujui!" Nikakaa juu ya kile kilima. "Siondoki hapa. Nani mwenye maiti huyu? Nani atanilipa niondoke?"

Mkondoa ulipita. Stefano alinitazama, kisha akatazama huku na huku, kama mtu anayetafuta msaada. Nilijua sasa jinsi mtani anavyotoka asipojibiwa: hatoki. Nilikaa. Jua lilisogea. Mwishowe yule mzee akaweka jembe chini, akaenda kwenye mahindi yake, akavunja mawili mabichi, akarudi akanisimamia.

"Mimi si ndugu yake," alisema. "Mimi Mkaguru. Lakini nilimzika. Chukua haya, uondoke kwenye kichwa cha mzee wa watu."

Nilichukua, nikainuka.

Nilifika Kilosa jioni, kibaraza cha stesheni kimeshajaa. Mama Chausiku aliyachoma yale mahindi juu ya makaa bila kuuliza, mpaka nilipomweleza yametoka wapi. Akayaweka juu ya mlango, yanafuka moshi, akakaa upande wa pili na kuvunja lake katikati.

"Basi umelipwa," alisema. "Mwache alale."

Tukala.